Fito Ndani ya Ukuta: Kiini cha Seli na Usalama wa Vinasaba

(Mhadhara wa hadhara uliotolewa Lushoto, mkoani Tanga)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya protini zinazojenga kiini cha seli na namna zinavyovikinga vinasaba visiharibike. Mwenyekiti aliponipa mada hii kwa simu nilimuuliza, nani atakuja kusikiliza? Akanijibu, "Wewe njoo. Watu wa huku tunapenda maneno magumu yakisemwa polepole." Basi nitasema polepole. Kusudi langu ni kuwaonyesha kwamba usalama wa vinasaba unategemea nyumba vinamokaa, na mahali ambapo kila jeni imewekwa ndani ya nyumba hiyo. Nina hoja nne. Ya tatu ni ndefu kuliko zote kwa sababu inawahusu watoto wetu na milima hii. Mkitaka kusinzia, sinzieni katika zile nyingine.

Nianze na nyumba. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba ya udongo upande wa Mlalo. Kila masika yakipita, ukuta unaopigwa na mvua ulikandikwa upya, na kazi yetu wajukuu ilikuwa kuukanyaga udongo kwa miguu mpaka ulainike. Mwaka mmoja tulijiona mafundi. Tukabandika udongo mahali ambapo fito zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ulishika mchana kutwa. Usiku ukabenuka kama shavu la mwenye jino bovu, na alfajiri tukaukuta umelala chini. Bibi hakutugombeza. Alileta fito mpya na kamba, akafunga, ndipo akaturuhusu kukandika.

Uwekeni ukuta huo kichwani, nitaurudia.

HOJA YA KWANZA: Uzi ni mrefu mno kwa chumba chake

Karibu kila seli ya mwili ina kiini, na ndani ya kiini kuna uzi wa vinasaba, yaani DNA. Chembe nyekundu za damu ndizo zilizojitoa katika utaratibu huu: hukitupa kiini kabla ya kuingia katika mzunguko, na hulipa kwa kuishi miezi minne tu hivi. Seli nyingine zinabaki na mzigo wake.

Mzigo wenyewe ni huu. Uzi wa seli moja ukinyooshwa una urefu wa mita 2 hivi, na kiini kina upana wa kama mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Maneno haya hayamkai mtu kichwani, kwa hiyo tukuze kila kitu mara milioni moja. Kiini sasa ni nyumba ya msonge yenye upana wa mita 10. Uzi wake ni kamba yenye unene wa milimita 2 na urefu wa kilomita 2,000, kama kutoka hapa Lushoto mpaka Dar es Salaam na kurudi, karibu mara tatu. Kamba hiyo imekatwa vipande 46, ambavyo ndivyo kromosomu, na imeviringishwa kwenye vigurudumu vya protini viitwavyo histoni. Kila dakika mafundi wa seli huingia gizani, hutafuta kipande fulani, hukisoma na kukiacha bila kufunga fundo. Seli ikitaka kugawanyika, kamba yote inanakiliwa. Mimi nikiweka chaja mbili katika mfuko mmoja nazikuta zimesukana.

Ukuta wa nyumba hiyo je? Nje kuna tando mbili za mafuta, laini kama utando unaoelea juu ya mchuzi. Utando wa namna hiyo peke yake haubebi kitu. Ndio udongo wetu. Chini yake, kwa upande wa ndani, kuna wavu wa nyuzi za protini ziitwazo lamini. Hizo ndizo fito. Larry Gerace na Günter Blobel, wakifanya kazi New York, ndio waliozitenga na kuzieleza mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilipofika mwaka 2017 wataalamu waliweza kuzipiga picha zikiwa mahali pake: kila ufito una unene wa nanomita 3.5, na wavu mzima una nanomita 14 hivi. Katika nyumba yetu ya mita 10, huo ni ufito wa milimita tatu na nusu, na ukuta usiofikia upana wa kidole. Nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea nukta.

Kwa binadamu lamini ni za koo mbili. Lamini A na C hutoka katika jeni moja iitwayo LMNA. Lamini B1 na B2 zina jeni zao. Zinazifunga kromosomu ukutani kwa msaada wa protini nyingine, kama emerini iliyogunduliwa mwaka 1994 kwa wagonjwa wa misuli. Hizo ndizo kamba za kufungia fito.

Kwa kupita tu: bakteria hawana nyumba hii. Yule wa tauni, aliyeanza kuisumbua Lushoto mwaka 1980, uzi wake umelala wazi ndani ya mwili wake. Uzi wake ni mfupi, na maisha yake ni ya haraka. Mimea kwa upande wake ina kiini, ila haina lamini kama zetu. Ina fito za aina nyingine zinazofanya kazi ileile, na mnajua zilitambuliwa kwanza katika mmea gani? Karoti. Wajapani walizieleza katika miaka ya 1990. Mama uliyekuja na kikapu, umebeba maabara nzima humo. Baadaye jamaa za protini hizo zilichunguzwa katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, na mimea iliyokosa baadhi yake ilionekana kuwa dhaifu zaidi mbele ya kemikali zinazochoma DNA.

HOJA YA PILI: Fito zikilegea, uzi hukatika

Seli hazikai tuli. Misuli hujikunja, moyo hupiga, ngozi huvutwa. Seli nyeupe za kinga hutoka ndani ya mshipa wa damu na kujipenyeza katika nafasi nyembamba kuliko kiini chao. Ndugu zetu wa maabara za Bumbuli na Lushoto wanaosoma slaidi za malaria huziona kila siku: zile seli nyeupe ambazo kiini chake kimegawanyika vipandevipande kama punje za shanga. Zina lamini A kidogo sana, na ndiyo maana zinapenya kirahisi. Bei yake ni kwamba huishi siku chache tu. Seli ya mfupa, inayobeba uzito wa mwili, ina lamini A nyingi. Ya ubongo, laini kama uji, ina kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili na kukuta kwamba kadiri nyama ilivyo ngumu ndivyo lamini A inavyoongezeka. Mwili unajua ukuta upi unapigwa na mvua.

Mwaka 2016 makundi mawili, moja la Marekani na jingine la Ufaransa, yalionyesha kinachotokea seli inapolazimishwa kupita mahali pembamba. Kiini hubenuka, hutoboka, na DNA huanza kuvuja. Seli ina washonaji wake, kundi la protini linalofika na kuziba tundu, mara nyingi ndani ya saa chache. Lakini katika muda huo uzi unapata majeraha, na seli yenye lamini chache hutoboka mara nyingi zaidi. Seli ya saratani inayosafiri kutoka kiungo kimoja kwenda kingine hupita njia hizo hizo. Huenda kila mlango mwembamba unaipa makosa mapya.

Ushahidi mkubwa zaidi, na wa kuhuzunisha, ni maradhi adimu yaitwayo projeria. Mtoto huzaliwa mzima. Kabla ya kutimiza miaka miwili ukuaji hupungua, nywele hunyonyoka, ngozi hukakamaa, na mishipa ya damu inakuwa kama ya mzee. Asipopata dawa, wastani wa umri wa kufariki ni miaka 14 na nusu hivi, kwa moyo au kiharusi. Daktari Jonathan Hutchinson alimweleza mtoto wa namna hiyo Uingereza mwaka 1886. Ilichukua miaka 117 kujua chanzo. Mwaka 2003 ilibainika kwamba ni herufi moja tu katika jeni ya lamini A: palipokuwa na C pamekaa T. Herufi hiyo haibadilishi hata maana ya neno ilimo. Inachobadilisha ni mahali ambapo mkasi wa seli hukata ujumbe, na protini inayotoka imepungukiwa asidi amino 50, kisha inabaki imenata kwenye utando isibanduke. Imepewa jina la progerini. Ukiitazama seli ya mtoto huyo kwa hadubini unaona kiini chenye vinundu na mikunjo. Mimi huona ule ukuta wa Mlalo.

Na sura mbaya si neno. Neno ni kwamba katika seli hizo mikatiko ya DNA hurundikana, na mafundi wa kushona hufika wamechelewa. Katika seli zisizo na lamini A, mmoja wa mafundi hao, protini iitwayo 53BP1, huharibika kabla ya wakati wake. Kwa hiyo fito hufanya zaidi ya kushikilia udongo. Mafundi nao huziegemea. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 Marekani imeruhusu dawa iitwayo lonafarnibu, ambayo huzuia progerini kupakwa ule mnato, na huongeza miaka kadhaa. Haiponyi.

Niseme jambo hapa kwa sababu kuna akina mama ukumbini. Kosa hili la projeria karibu kila mara hutokea upya, wazazi hawanalo. Hakuna aliyerogwa, na hakuna wa kulaumiwa. Ila makosa mengine ya LMNA hurithiwa, na baadhi huharibu moyo polepole katika ukoo mmoja, mpaka watu wanaanza kusema ukoo ule wanaanguka ghafla wakiwa vijana. Ukisikia maneno hayo, mpeleke kijana akapimwe umeme wa moyo.

(Mzee mmoja mbele hapa amenitazama kwa jicho la kuuliza. Ndiyo, mzee wangu. Mwaka 2006 progerini kidogo sana ilipatikana hata katika seli za wazee wenye afya yao. Nimeanza kuitafuta kwangu.)

HOJA YA TATU: Kila jeni ina mahali pake

Ukuta hautumiki kuzuia upepo tu. Ukutani ndipo tunapotundika panga na shoka, juu, mtoto asifikie. Kiini nacho hufanya hivyo. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichora ramani ya sehemu za uzi wa binadamu zinazougusa wavu wa lamini, wakapata zaidi ya 1,300. Nyingi zimenyamazishwa: jeni zisizohitajika katika seli husika, na sehemu za uzi zenye vipande vinavyoweza kurukaruka. Zimetundikwa.

Vipande hivyo vinavyoruka nawaonyesheni kwa ua la nyumbani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao ua dogo la zambarau kutoka milima hii. Leo linakaa kwenye madirisha ya dunia nzima, na Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. Kuna aina yake yenye petali za waridi na madoa ya buluu. Wajapani walipoikuza kwa vipande vya tishu ndani ya chupa, baadhi ya miche ilitoa maua ya buluu tupu. Kisa ni kipande kirukacho kilichokuwa kimekaa jirani na jeni ya rangi: kilipong'oka, jeni ikaamka. Kwa muuza maua hilo ni bidhaa mpya. Kwa seli ya mtoto, kuamka kwa jeni isiyotakiwa ni habari nyingine.

Hata vijidudu wanajua kutundika. Kijidudu cha malale na nagana, kinachobebwa na mbung'o, ambaye wengi wetu tunamwita ndorobo, kina jeni zaidi ya elfu moja za koti la nje. Huvaa moja tu kwa wakati. Kinga ya ng'ombe ikilitambua koti hilo, kijidudu huvaa jingine. Makoti yasiyovaliwa hunyamazishwa ndani ya kiini, na mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba protini ya ukutani iitwayo NUP-1, inayofanya kazi kama lamini ingawa si ndugu yake, ndiyo inayosaidia kuyatuliza. Ikipunguzwa, makoti huanza kubadilishwa ovyo. Wafugaji wa Handeni na Korogwe wanaomtibu ng'ombe yuleyule mara kwa mara wanapambana na kabati la nguo.

Sasa nifike nilikokusudia.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Muda mfupi baadaye akaona mwingine. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya kwanza. Kisha akafanya jambo ambalo daktari wa upasuaji hatarajiwi kufanya: mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari lililokwisha tumika, wakasafiri kama maili 10,000 mpaka kusini mwa Afrika, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuonyesha picha: "Mmewahi kuona hivi?" Ramani iliyotoka ilishangaza. Uvimbe ulikuwa wa tambarare zenye joto na mvua. Ukipanda juu, kwenye kama mita 1,500 katika eneo letu la ikweta, unatoweka. Lushoto mjini tupo kwenye mita 1,400 hivi. Mnajionea tumekaa ukingoni mwa ramani ya Burkitt.

Mwezi Machi mwaka huo huo Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mtaalamu wa virusi, Anthony Epstein. Alitoka humo akiwa ameamua kutafuta kirusi, na baada ya sampuli nyingi zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona. Nawakumbusha hayo ili mtu wa benchi la nyuma asidhani mihadhara ni ya kupoteza muda.

Kirusi hicho, Epstein-Barr, wanacho karibu watu wazima wote duniani, na wengi hawajui. Basi kwa nini huku kwetu kinawageukia watoto? Ramani ndiyo iliyojibu: malaria. Na Usambara ndipo mahali pazuri pa kuelewa ramani hiyo. Kuna kazi iliyochapishwa mwaka 2003, ambamo watafiti waliwanasa na kuwahesabu mbu kuanzia tambarare, mita 300, mpaka huku juu, wakakuta maambukizi ya malaria yanapungua zaidi ya mara elfu moja kati ya chini na juu. Safari ya Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 30 na kitu, dereva wa basi hamalizi hata hadithi yake, lakini kwa mbu ni kuvuka bara.

Malaria inaingiaje ndani ya kiini? Kwenye tezi na bandama kuna vituo ambavyo seli B za kinga hupelekwa kufundishwa. Humo, kimeng'enya kiitwacho AID huukata na kuuhariri uzi kwa makusudi, kwenye jeni za kingamwili, ili kinga ipate silaha kali zaidi. Ndiyo seli pekee mwilini zenye ruhusa ya kucheza na kisu namna hiyo. Mtoto anayeugua malaria tena na tena huwa na seli B nyingi zinazopita kituoni, na kisu kinafanya kazi mchana na usiku. Mwaka 2015 ilionyeshwa katika panya kwamba malaria ya muda mrefu huongeza mikatiko isiyotakiwa inayoletwa na AID, na panya waliokosa mlinzi aitwaye p53 wakapata limfoma, yaani saratani ya seli hizo za kinga.

Katika limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya, mkatiko unajulikana. Kipande cha kromosomu ya 8, chenye jeni iitwayo MYC, huunganishwa na kromosomu ya 14 mahali pa jeni za kingamwili. Mara chache ni ya 2 au ya 22. MYC ndiyo inayoiambia seli ikue. Mahali pake pa asili ina breki. Kule ilikohamia, jirani zake hawajui kulala. Ni lori la kabichi linaloshuka Soni kwenda Mombo, mguu wa dereva umekwama kwenye mafuta.

Lakini kromosomu zipo 46. Kwa nini ya 8 iungane na ya 14 mara nyingi hivi? Hapa ndipo nyumba inaporudi. Ili ncha mbili zilizokatika ziunganishwe, sharti ziwe zimekaribiana. Mwaka 2002 ilionyeshwa katika panya kwamba jeni za kingamwili, ambazo katika seli nyingine zimetundikwa ukutani, hushushwa na kuingia katikati ya kiini katika seli inayojiandaa kuwa seli B. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani walipima umbali ndani ya seli B za binadamu za kawaida, zisizo na saratani, wakakuta MYC na jeni hizo za kingamwili hukaa jirani kuliko ambavyo bahati nasibu ingetaka. Na mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba lamini B1 hupungua katika seli B zilizo kituoni, na kwamba upungufu huo huziachia jeni za kingamwili zikaribiwe zaidi na kisu.

Naomba mnielewe vizuri, hasa ninyi wanafunzi ambao kesho mtaandika. Sisemi kwamba lamini ndizo zinazoleta limfoma ya Burkitt. Kirusi kipo, malaria ipo, AID ipo, na uchunguzi wa lamini katika watoto wa Afrika Mashariki bado ni kurasa chache. Ninachosema ni kwamba kinga yetu imejipa ruhusa ya hatari: kulegeza fito kwa muda, kushusha shoka ukutani, kutumia kisu, kisha kurudisha. Malaria ya kila mwezi hainyimi kinga silaha. Inainyima nafasi ya kurudisha vitu mahali pake.

HOJA YA NNE: Nyumba hii hubomolewa na kujengwa upya

Mfano wa bibi unafika mwisho hapa. Nyumba yake ilisimama miaka. Nyumba ya kiini, seli ikigawanyika, inabomolewa yote: fito zinafunguliwa moja moja kwa kupachikwa fosfati, tando zinakunjwa, kromosomu zinavutwa pande mbili, na ndani ya muda usiozidi saa moja hivi nyumba mbili mpya zimesimama. Katika mwili wa mtu mzima jambo hili linatokea mamilioni ya mara kila sekunde, hasa kwenye uboho ambako damu hutengenezwa.

Mara mojamoja kromosomu moja huchelewa. Nyumba kubwa zikishafungwa, yenyewe imebaki nje, na inajengewa kibanda chake pembeni. Vibanda hivyo vina lamini B1 pungufu, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba vingi huporomoka. Kromosomu iliyomo husagika, kisha mafundi huokota vipande na kuvishona kwa mpangilio wowote. Mwaka 2011 wasomaji wa vinasaba vya saratani walikuwa wameshangazwa na kromosomu zilizovunjika vipande kwa makumi na kuunganishwa upya, kana kwamba ajali moja tu ndiyo iliyofanya yote. Miaka minne baadaye kibanda kikathibitishwa kuwa njia mojawapo ya kufika huko. Tulifundishwa kwamba saratani hujengeka kosa kwa kosa, mwaka kwa mwaka. Kumbe mara nyingine ni usiku mmoja wa mvua.

Hoja hii sina haja ya kuirefusha. Anayetaka kuhesabu vibanda hivyo anahitaji tone la damu, rangi, hadubini ya kawaida, na subira.

TUENDAKO

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda umeniishia, nitaje mambo matatu ninayoyatazamia.

La zahanati kwanza, kwa sababu haliwezi kusubiri maabara. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa uvimbe unaokua kwa kasi kubwa kuliko wote. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na ni miongoni mwa saratani zinazoisikia dawa vizuri: tangu miaka ya 1960, Kampala, watoto walipona kwa saiklofosfamidi. Kwa hiyo mtoto mwenye meno yanayolegea bila sababu na taya linalovimba, au tumbo linalojaa ghafla, asizungushwe na dawa za jino wiki tatu. Apewe rufaa siku hiyohiyo, na njia ya kwenda hospitali ya Muhimbili ijulikane kabla hajafika. Msijitulize kwamba tuko juu. Watoto wetu hushuka Mombo na Korogwe kwa shangazi zao kila likizo, na mbu nao wanapanda: mwaka 1987 watafiti waliandika kwamba malaria pale Amani, katika milima hii ya Usambara, haikuwa tena ile ya zamani.

La pili ni swali ambalo linaweza kuulizwa hapa kuliko popote. Tuna mlima mmoja, watu wa lugha moja na chakula kimoja, na malaria inayotofautiana mara elfu kati ya bondeni na kileleni. Je, seli B za mtoto wa bondeni zina lamini B1 sawa na za binamu yake wa huku juu? Je, vile vibanda vinalingana idadi? Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina mizizi Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902, na inafanya kazi Tanga na Korogwe. Kwa idhini ya wazazi, na majibu yarudishwe vijijini kwa Kishambaa na Kiswahili kabla hayajaenda kwenye majarida, swali hili ni kazi ya miaka mitatu kwa wanafunzi wawili wa uzamili. Mmoja wao huenda yuko ukumbini. Sijui jina lake bado.

La tatu ni dogo. Nje, chini ya ule mti, nimepanga hadubini mbili za kuazima. Moja ina ngozi ya kitunguu cha sokoni. Kiini chake mtakiona bila shida. Nyingine ina slaidi ya damu yangu mwenyewe, iliyopakwa jana: tafuteni ile seli nyeupe yenye kiini cha shanga, inayopenya popote. Nawaomba wakubwa wanywe chai kwanza. Mstari uanze na watoto.